Dakika Kumi na Moja

Usiivute bado, anasema.
Nimeshaivuta. Bega linajua,
na kiganja kimetoa lengelenge kama punje ya hindi.
Mara ngapi?
Sikuhesabu.
Wewe? Wewe unayehesabu chumvi?
Arobaini na mbili, nasema,
na upepo wa Panyimur unadaka nusu ya jibu
unaivusha ziwa bila nauli,
kule walikomshika na nyavu zake,
kule anakokodi simu ya askari
kwa dakika, kama baiskeli.

Miezi mitano injini imelala chumbani,
upande wake wa ukutani, imefunikwa kitenge.
Nilimwambia iko stoo.

Nusa petroli.
Nafungua tangi. Inanuka rangi ya mlango,
rangi iliyosahauliwa ndani ya kopo.
Imwage.
Yote?
Petroli iliyolala haiamki, mama Berocan.
Lita nane. Namwachia Jalar akaoshee minyororo ya bodaboda.
Natia mpya, lita tatu za mkopo,
na oili, vifuniko kumi na viwili vya soda,
maana kipimo chake sikioni
na sitaki kumuuliza kitu ambacho ningekijua.

Bana ule mpira wa kwenye bomba.
Nabana.
Unakuwa mgumu?
Hapana. Umeingia ndani haurudi,
kama shavu la bibi asiye na meno.
Kitundu cha kupumulia. Juu ya kifuniko. Angalia.
Naangalia, na kumbe nyigu amejenga:
chumba cha udongo, kimekandwa kwa ustadi,
kimeziba kabisa.
Nakitoboa kwa njiti ya ufagio.
Wanadondoka buibui watatu, wakavu,
akiba ya mwenye nyumba.
Namsimulia. Anacheka,
halafu mtu anamkaripia, anaacha kucheka.

Plagi, anasema kwa sauti ya chini. Haraka.
Spana inateleza. Plagi ni nyeusi, imelowa.
Naipangusa kwa pindo la sketi,
naiegemeza kwenye chuma, Berocan anavuta kamba
kwa mikono miwili na uzito wake wote wa miaka tisa.
Cheche?
Hakuna.
Kimya. Nasikia mlango wa bati, kule.
Kipini chekundu kipo?
Kipini gani?
Cha kwenye swichi. Kina kamba, kama ya filimbi.
Bila hicho utavuta mpaka Krismasi.

Namtazama Berocan.
Berocan anatazama samaki wasiokuwepo.
Mkononi mwake, tangu Agosti, ile kamba nyekundu
anayolala nayo, anayooga nayo,
niliyodhani ni mchezo wa shule.
Ananyosha mkono. Kamba imeacha alama kwenye ngozi.

Nimekiona, nasema.
Kilikuwa wapi?
Kilianguka.

Sasa sikiliza, hakuna muda. Gia katikati.
Vuta choki. Ikishika tu, irudishe,
usiisubiri, ukisubiri inazama
kwa petroli yake yenyewe.
Umesikia? Ikishika tu—
Nimesikia. Naiweka simu juu ya ubao wa kukalia, spika wazi,
ili nayo isikie.

Ya kwanza, bure.
Ya pili, kamba inanirudishia kidole.
Ya tano inakohoa, inatema moshi wa buluu, inakufa.
Jalar, pwani, anasema niiuze kwa kilo.
Ya tisa
inashika.
Yangeyange wote wanaruka kutoka kwenye matete,
mtumbwi mzima unatetemeka hadi kwenye meno yangu,
na ninamsikia akisema choki, choki!
au ninakumbuka tu kwamba angesema.
Narudisha choki.
Nageuka. Kioo cha simu ni cheusi.
Sijui kilizimika kwenye ya ngapi.

Ubavuni, kutoka kwenye kitundu kidogo,
maji yanachuruzika, uzi mwembamba, wa uvuguvugu.
Maana yake inapoa vizuri.
Hilo hakuniambia mtu.

Jalar anapiga kelele: unachoma petroli ya watu!
Berocan anaipigia kelele injini, anarudia,
mpaka naelewa midomo yake:
kamba yake atarudishiwa lini?
Nikizima, namwambia.
Sizimi.